Wiki ya Mwisho Sio ya Kujaza Lumbesa: Neno kwa Wapiga Chuma wa Igoma

Jumatatu ya wiki ya bonanza ndiyo siku jimu za uswahilini pale Igoma zinapofurika. Jamaa ambaye mwezi mzima alikuwa anaonekana kwa nadra, ghafla yupo asubuhi, yupo jioni. Aliyezoea kuvuta kilo 120 kutoka chini anataka 150. Simu zimetegeshwa juu ya ndoo, video zinarushwa status hata jasho halijakauka, na pembeni wapambe wanapaza sauti: "Ongeza kaka, ongeza! Huo mzigo wa watoto!" Jumamosi ikifika, siku yenyewe ya mashindano, simba wa Jumatatu anatembea utadhani kafungiwa ubao mgongoni. Akiulizwa vipi, anajibu ni baridi ya ziwa.

Majina kapuni, hakuna haja. Kuanzia Igoma, Buzuruga, Nyakato mpaka Kisesa, kila mtaa una jamaa wa aina hii na kila mdau anamjua wa kwake.

Hoja ni moja na haina chenga: wiki ya mwisho haimpi mtu nguvu mpya. Inaweza kumuachia zile alizonazo, au inaweza kumnyang'anya. Basi. Anayedhani siku sita zitafidia miezi mitatu ya uvivu anajidanganya, na wanaomshangilia wanamdanganya zaidi.

Mwili unafanyaje kazi? Kila zoezi zito linaacha vitu viwili kwa pamoja: nguvu na uchovu. Uchovu unakuja haraka na unaondoka haraka, ndani ya siku kadhaa. Nguvu inajengeka taratibu, kwa wiki na miezi, na ikishajengeka haitoroki kwa sababu mtu kapumzika siku tatu. Ndiyo maana makocha wanaojua kazi yao, ikibaki wiki moja, wanapunguza wingi wa mazoezi mpaka karibu nusu. Kuvuta mzigo mzito kabisa kutoka chini kunaachwa siku saba hadi kumi kabla, kwa sababu mgongo unachelewa kupona kuliko mikono. Katikati ya wiki mtu anagusa vyuma vyepesi ili mwili usisahau njia, halafu siku mbili za mwisho anakaa mbali na jimu kabisa. Akipanda jukwaani, uchovu umeshuka na nguvu imebaki juu. Hakuna uchawi hapo.

Sasa wanaojimwambafai wanafanya kinyume. Wanajaza lumbesa. Kila mtu wa Kanda ya Ziwa anaijua lumbesa: gunia limejaa, lakini mnunuzi anaongeza kofia juu, anashonea kamba, na mkulima anaambiwa hilo bado ni gunia moja. Serikali imeikemea miaka na miaka kwa sababu ni wizi wa wazi. Mnyanyua vyuma anayejiongezea mzigo Jumatano wakati bonanza ni Jumamosi anajifungia lumbesa mwenyewe. Anajiibia mwenyewe, na mizani yake anaiona siku ya shindano mbele ya watu wote.

KULI HANA WIKI YA KUPUMZIKA

Hapa ndipo maneno ya makocha wa mtandaoni yanapofeli. Wanasema "pumzika," wanasema "lala masaa nane," kana kwamba kila anayepiga chuma ana mshahara wa mwisho wa mwezi. Wengi wanaopiga chuma uswahilini ni makuli, wapiga zege, mafundi, madereva wa bodaboda na vijana wa kupakua samaki na dagaa kule Mwaloni, Kirumba. Jimu wanaenda jioni, baada ya mwili kushafanya kazi kutwa.

Piga hesabu ndogo. Kuli akibeba mifuko 60 ya saruji, kila mmoja kilo 50, tayari kainua tani 3 kabla ya saa kumi jioni. Akienda jimu akapiga benchi kilo 80, raundi tano, kila raundi mara tano, hiyo ni tani 2. Kwa maana nyingine, kazi yake ni zoezi kubwa kuliko zoezi lenyewe. Akipunguza jimu pekee wiki ya mwisho huku shambulio la mifuko liko palepale, hajapumzika. Kapunguza kidogo tu.

Na mifuko hiyo sio mzigo wa mchezo. Shirika la Kazi Duniani, kwenye Pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaja kilo 55 kuwa kiwango ambacho mzigo wa mwanaume mtu mzima anayebeba kwa mikono haupaswi kukipita. Jamaa wa lumbesa anabeba karibu mara mbili ya hapo na anapanda nao ngazi ya lori. Kwa hiyo huyu mtu ni mwanamichezo tayari, tena wa kila siku, ila hana daktari, hana mkandaji, hana wiki ya mwisho.

Kwa hapo ndipo hoja yenyewe ilipo. Mwanza watu wanajua kuchangishana. Harusi inachangiwa, msiba unachangiwa, send-off inachangiwa mpaka kadi inakuja na kiwango. Bonanza la vyuma nalo huwa linachangiwa: fulana za rangi moja, spika, supu ya baada ya mashindano. Safi. Lakini kwa nini mchango huohuo usimnunulie mnyanyuaji wa mtaa siku mbili za kukaa nyumbani? Ujira wake wa Alhamisi na Ijumaa ukilipwa na washkaji, Jumamosi anapanda akiwa mzima. Fulana inafifia baada ya kufuliwa mara kadhaa. Kiuno cha mtu anayelisha familia kikifa, hakuna fundi wa kukibadilisha.

Watu wanaocheka jambo hili wakumbuke kilichotokea Japan mwaka 2021. Mnyanyuaji mmoja kijana wa Uganda alisafiri hadi kule kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo, halafu ikajulikana kuwa hakupata nafasi ya kushindana. Tarehe 16 Julai, wiki moja kabla ya ufunguzi, akatoweka kambini. Aliacha barua akieleza kwamba anataka kubaki afanye kazi, kwa sababu maisha ya nyumbani ni magumu. Alipatikana siku nne baadaye na akarudishwa kwao. Mitandaoni watu walimcheka sana, memu zikatembea. Ila ukisoma tena barua ile bila kucheka, unaona mtu aliyekuwa na mzigo mzito kuliko chuma, na wiki ya mwisho ndiyo iliyomwonyesha uzito wake. Njaa inapanda jukwaani pamoja na mtu. Anayeandaa mashindano akijifanya haioni, kaandaa nusu.

KILO 100 ZA NANI?

Jambo la pili ambalo wiki ya mwisho inapaswa kulimaliza ni uzito wenyewe. Jimu nyingi za mtaani zinatumia zege lililomiminwa kwenye makopo ya rangi na ndoo, katikati kuna shafti ya gari au bomba. Hakuna aibu hapo, watu wamejenga vifua vya maana kwa zege. Tatizo ni kwamba mtu kaandika "50" kwa rangi nyeupe na kila mmoja kaamini.

Zege lita moja ina kama kilo 2.4. Kopo la lita 4 likijaa linakaribia kilo 10, na ndoo ya lita 20 ikijaa inafika kama kilo 48. Fundi akiweka kokoto nyingi au akiacha matundu, namba inabadilika, na upande wa kulia unaweza kuzidi wa kushoto. Mtu anapiga benchi miezi sita bega moja likibeba zaidi, halafu anashangaa kwa nini linauma. Mwingine anatamba anabeba 100, akifika kwenye bonanza lenye vyuma halisi anakwama na 85, aibu inamfanya aongeze badala ya kupunguza.

Dawa yake ni rahisi na karibu bure. Wanunuzi wa vyuma chakavu wana mizani. Mashine za kusaga zina mizani. Jumapili moja kabla ya bonanza, vyuma vyote vipakiwe kwenye mkokoteni, vipimwe, na namba ya kweli iandikwe upya mbele ya kila mtu. Kuna watakaolia kwa kupungukiwa kilo 15 ndani ya dakika moja. Walie Jumapili hiyo, sio Jumamosi ya mashindano.

JARIBIO LA KWANZA SIO LA SIFA

Kwenye mashindano ya vyuma kila mtu anapewa majaribio matatu kwa kila mnyanyuo, na kwa kanuni, uzito ukishaombwa haurudi chini. Ukikwama, unarudia uleule au unapanda. Ukikwama mara zote tatu, huna alama. Ndiyo maana wenye busara wanaanza na uzito ambao jimu wanaweza kuunyanyua mara tatu bila kuhangaika. Jaribio la pili ni ule waliowahi kuufikia. La tatu ndilo la ndoto.

Wabishi wanaanza na ndoto. Wangepaswa kumjua Naim Süleymanoğlu, Mturuki mfupi kuliko vijana wengi wa kidato cha pili, kama sentimita 147 hivi. Huyu mtu alichukua dhahabu ya Olimpiki mara tatu mfululizo, Seoul 1988, Barcelona 1992 na Atlanta 1996. Akaenda Sydney mwaka 2000 akitafuta ya nne. Akafungua na kilo 145 kwenye mnyanyuo wa kwanza. Akakwama. Akarudia kilo zilezile, akakwama. Akarudia tena, akakwama. Akaondoka bila alama yoyote. Kama bingwa wa dunia nzima jaribio la kwanza lilimgomea, jamaa wa Igoma aliyechelewa kulala kwa sababu ya kubishana kwenye grupu la WhatsApp anapata wapi jeuri?

Kwa hiyo namba tatu ziandikwe kwenye karatasi Jumatano, akili ikiwa imetulia, zikabidhiwe kwa mtu mmoja anayeaminika. Siku ya mashindano huyo ndiye anayezitamka mezani. Wapambe wasiguse karatasi. Wahenga wa mjini walishasema wapambe nuksi, na kwenye vyuma nuksi yao ina uzito wa kilo kabisa.

MAJI, VIDONGE NA SINDANO

Sasa lile linalofichwa. Bonanza likiwa na makundi ya uzito wa mwili, kuna jamaa wa kilo 78 anayetaka kuingia kundi la 75. Kuanzia Alhamisi hanywi maji, anakimbia mchana na jaketi mbili katika jua la Mwanza, anatema mate kwenye chupa, na wengine wanatafuta vidonge vya kukojoa, vilevile wanavyoandikiwa wagonjwa wa moyo na figo. Akiumia, anameza au kuchomwa dawa ya maumivu ili Jumamosi asisikie kitu.

Mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walikufa ndani ya wiki tano, wote wakijipunguza uzito kwa njia hizihizi za kujikausha maji. Walikuwa vijana wenye afya, wana makocha, wana vyuo vikubwa nyuma yao. Baada ya hapo kanuni zikabadilishwa kule, na suti za mpira za kutolea jasho zikapigwa marufuku. Igoma hakuna haja ya kusubiri mpaka mtu afe ndipo watu wakae kikao.

Dawa ya maumivu nayo haiponyi, inazima kengele. Msuli unaendelea kuchanika ila mwenyewe hasikii. Na dawa hizo zikikutana na mwili uliokaushwa maji, figo ndizo zinazolipa. Mtu akiona mkojo wake umekuwa rangi ya chai ya rangi baada ya mazoezi makali, huo sio ujasiri, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo.

Na yote hayo kwa ajili ya nini? Kilo tatu ili ashinde kombe la plastiki na kreti ya soda! Katika mashindano ya kirafiki, jamaa wa 78 aingie kundi la juu, ale ugali wake na sato au dagaa, anywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, Ijumaa usiku apate viazi au michembe ya kutosha ili misuli iwe na akiba, alale mapema. Akishindwa, ameshindwa akiwa na figo mbili.

WATU WANALEVYA

Kuna watakaosema: "Hili ni bonanza tu, mbona mambo yanakuzwa?" Lakini ni kwa sababu ni bonanza ndiyo maana hatari ni kubwa. Kwenye mashindano makubwa kuna daktari, kuna wadakaji wa chuma pande zote, kuna waamuzi watatu. Kwenye uwanja wa mtaa kuna spika, kuna mchekeshaji wa maiki, na kuna mtu anayelala benchi chini ya kilo 110 akiwa na mdakaji mmoja anayerekodi video kwa mkono wa kushoto.

Wengine watasema bila kukomaa mpaka dakika ya mwisho, hamasa inakufa. Hilo nalo lina ukweli kidogo, maana watu wanalevya. Wasukuma wamelijua hilo zamani sana. Pale Bujora, Kisesa, sio mbali na Igoma, kwenye sherehe za Bulabo, Bagika na Bagalu wanacheza ngoma kwa kushindana, na mshindi ni upande unaovuta umati mkubwa zaidi. Watu wanahama kutoka duara moja kwenda jingine, na mcheza ngoma akiona duara lake linapungua, atafanya lolote kuwarudisha. Ndiyo maana ngoma zile zilijaa vituko na dawa za mvuto.

Ila mcheza ngoma akitafuta umati anaongeza kituko. Mnyanyua vyuma akitafuta umati anaongeza kilo, na kilo haijui kutania. Simu zimelifanya duara kuwa kubwa kuliko Bulabo yoyote: mtu wa Dar es Salaam anamwambia kijana wa Igoma "weka nyingine" bila kumjua na bila kuja kumuuguza. Yule staa wa jimu mwenye wafuasi kibao, anayejipiga picha na sahani nyepesi zilizopakwa rangi ya chuma, hatakuwepo Bugando kwenye foleni ya mifupa.

Kwa waandaaji, mambo ni machache tu. Vyuma vipimwe na uzito uandikwe wazi. Kila benchi iwe na wadakaji wawili, mikono mitupu, simu mfukoni. Makundi ya uzito yawe mapana, mtu asijikaushe kwa ajili ya kilo mbili. Madau ya pembeni yapigwe stop, kwa sababu jamaa akishawekewa mkeka na washkaji zake hawezi tena kusema "leo mgongo umekataa." Na yule anayesema hivyo ashangiliwe kama aliyenyanyua, maana kauli hiyo ni ngumu kuitoa mbele ya spika.

Kwa mabinti nao, ambao siku hizi wanazidi kuonekana kwenye haya mabonanza, kuna jambo la kuigwa. Wengi wao wanakuja bila kelele, wanataja uzito wanaouweza, wananyanyua, wanashuka. Wanaume wanawacheka kwamba "wanaogopa." Mwisho wa siku mabinti wana minyanyuo mitatu safi, na mcheka yuko kwenye kiti cha plastiki anakandwa na maji ya moto.

Jumapili watu watapumzika, video zitapata laiki zake. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi lori la saruji litakuwa limeshafika, tajiri anasubiri mifuko ishuke, na hatauliza nani alishinda bonanza. Ataangalia nani anaweza kuinama. Mnyanyuaji aliyepunguza mzigo wiki ya mwisho atakuwepo. Wapambe wa Jumatatu iliyopita wajiulize kama yule waliyempigia kelele ya "ongeza" atakuwepo pia, na kama hatakuwepo, nani kati yao atapeleka unga nyumbani kwake.